Kikombe cha Jina

Mji Mpya, mkabala na geti la zamani la stesheni ya Morogoro, kuna taruma, gogo la kubebea reli, lililolazwa juu ya matofali, nalo limekaliwa miaka mingi mpaka linang'aa kuliko meza za maofisini. Hicho ndicho kijiwe cha Taruma. Ukikaa hapo upepo wa Uluguru unakupiga kisogoni, moshi wa jiko la Dele, muuza kahawa, unakupiga machoni, na maneno ya wenye kijiwe yanakupiga popote yatakapokukuta. Sheria ni moja tu: mgeni hapewi kahawa mpaka apewe jina. Lile la nyumbani analiacha pembeni, kama viatu mlangoni mwa msikiti, anapachikwa jipya, kisha anamiminiwa kikombe cha kwanza bure. Hicho huitwa kikombe cha jina, na hakilipiwi. Kuanzia cha pili, wewe na Dele mtajuana.

Jumamosi hiyo Mkaguzi alikuwa kwenye nafasi yake, kichwani mwa taruma, kanzu imepigwa pasi na kofia imekaa upande. Mzee huyu alikagua tiketi kwenye treni za reli ya kati tangu ana nywele nyeusi mpaka alipostaafu, na anachojivunia kuliko pensheni yake ni kwamba hajawahi kumsahau mtu. Husema abiria aliyepanda Kilosa bila tiketi, hata akirudi baadaye na ndevu na wajukuu, yeye atamdai nauli ya siku ile. Treni ya umeme ilipokuja, na mageti yake yanayosoma tiketi yenyewe, alikwenda kuitazama, akarudi akasema mashine ile inaijua tiketi lakini haimjui mtu. Hakwenda tena.

Kushoto kwake alikaa Tai, muuza bima, ambaye tai yake nyekundu haivui hata akifua. Chini yao, kwenye kigoda, alikuwa Hakimu, fundi viatu anayehukumu kila kesi inayopita mtaani, ya watu na ya mbuzi. Mbele, Dele alichochea mkaa; huyo kapewa jina la birika lake la kahawa, na birika lenyewe ndilo lenye heshima zaidi.

Katikati alikaa Sindano, na kama kawaida ilibidi umtafute. Kijana mwembamba, mpole, kasoma ugavi Mzumbe, na tangu amalize amekuwa akirukaruka kwenye mikataba ya miezi. Jina hilo alipewa na Mkaguzi mwenyewe siku ya kwanza, hata hajamaliza shikamoo: "Wewe ukidondoka mkekani hatukuoni mpaka utuchome." Kijana alicheka, akanywa kikombe chake, akawa wa Taruma. Mkaguzi alijaliwa mabinti watupu, na bila kumwambia mtu alimpenda Sindano kama mwanawe. Leo mwanawe alikuwa na huzuni, na Mkaguzi hajawahi kupungukiwa na ushauri siku yoyote ya maisha yake.

— Wazee, mimi watu hawanikumbuki, alisema Sindano. Na mchongo huu ukinipita, narudi Mgeta kulima kabichi.

— Mchongo upi tena? aliuliza Tai.

— Kile kiwanda kipya cha juisi. Wanataka afisa ugavi mmoja. Tulifanya usaili Alhamisi, tulikuwa wengi, watu wamevaa, wanaongea Kiingereza mpaka na mlinzi. Wamesema watapiga simu wiki ijayo.

— Na wewe uliongeaje?

Sindano akatazama viatu vyake.

— Nilinong'ona.

— Ulinong'ona lini?

— Mwanzo mpaka mwisho.

Tai akaishika tai yake kana kwamba anajinyonga.

— Oya, usaili ule au maungamo?

— Kulikuwa na sababu, alisema Sindano.

— Sababu gani?

— Basi tu.

Mkaguzi aliona kijana anaficha kitu. Alitaka kumchimba kidogo, lakini Sindano alikuwa ameshaendelea.

— Natoka nje, mlinzi ananiuliza, "Unaenda kwa nani?" Namwambia natoka, mbona uliniandikisha mwenyewe asubuhi. Ananiambia, "Hapana, wewe sijakuona." Na kule nilikofanya kazi mwaka jana, siku ya kuniaga walinunua keki. Imeandikwa Kwaheri Mwenzetu.

— Mwenzetu nani? aliuliza Dele.

— Hawakuwa na uhakika.

Kijiwe kikaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Mkaguzi, mpaka kofia ikadondoka kwenye majivu, akaiokota, akaipuliza, akacheka tena.

— Watu wa namna gani hao! alisema akifuta macho. Unakula na mtu, unacheka na mtu, jina lake hulijui! Hapa Taruma haliwezi kutokea.

— Hapa mtu anajulikana, alisema Dele.

— Mpaka unyayo wake, alisema Hakimu. Haya, kesi imeletwa, isikilizwe. Tai, anza wewe, maana mdomo unakuwasha.

Tai akajiweka sawa.

— Mwanangu, siri ni kitu kimoja usichokivua. Mtu atasahau jina langu, atasahau bima yenyewe, atasahau hata kwamba alikataa kunilipa, lakini tai hii hataisahau. Na uongee kwa sauti! Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sasa jiulize, umewahi kusikia debe lililojaa likivuma? Nani analijua? Liko zake stoo, limenyamaza na mchele wake, linaliwa na panya.

— Hiyo methali inawasema wapumbavu, alisema Sindano taratibu.

— Unaona? Mpaka methali wametungiwa! Wewe mwenye akili una methali gani?

Hakimu akagonga msumari kwenye soli, ndiyo nyundo yake ya mahakama.

— Hoja ya kwanza imetupwa. Tai zinauzwa mnadani, kila mtu anayo. Mtu hukumbukwa kwa mwendo. Lete hivyo viatu nikupigie chuma kisiginoni. Ukiingia ofisini, kwanza wasikie ko, ko, ko, wajiulize ni nani huyo, ndipo utokeze. Na ukishatokeza, chechemea.

— Nichechemee wakati siumwi?

— Kidogo tu. Leo kulia, kesho kushoto, ili wabishane. Watu wakibishana juu yako umeshatoboa. Mwenda pole hajikwai, maana yake anayechechemea hafukuzwi kazi.

— Mwendo unaishia mlangoni, alidakia Dele. Harufu ndiyo inakaa na watu. Mimi nikipita Mtaa wa Kanisa watu wananijua kwa tangawizi kabla hawajaniona. Wewe weka karafuu mfukoni, iliki kwenye soksi. Bosi akienda zake likizo, akinywa chai ya viungo huko kwao, anaanza kuhangaika: "Huyu kijana yuko wapi?" Hajui kwa nini. Moyo tu unamuuma.

— Mpaka anamwandikia barua ya ajira akiwa likizo, alisema Tai.

— Kinoma! alisema Dele.

— Mimi naona mnachezacheza, alisema Hakimu, na macho yake yakawa ya mtu aliyepata wahyi. Niambieni, nani anayekumbukwa kuliko wote? Marehemu! Mtu akifa, hata asiyemsalimia anasimama kusema alikuwa mcheshi, mchapakazi, nguzo ya familia. Sasa tusubiri afe kweli kwa nini? Tutangaze tu. Jumapili tunatangaza, Jumatatu kiwanda kinamlilia, Jumanne anatokea mzima. Nani atamnyima kazi mtu aliyetoka kaburini?

— Tutangaze msikitini? aliuliza Dele.

— Mimi Mkatoliki, alisema Sindano.

— Basi kanisani, sisi hatuna ubaguzi.

— Hakimu, mtoto wa watu ana mama Mgeta! alifoka Mkaguzi. Unataka amsikie mwanawe kwa tangazo?

Dele akachochea mkaa polepole, kwa heshima ya mama wa Mgeta. Mkaguzi akanywa funda, akaweka kikombe chini, akapangusa sharubu. Wote walijua kwamba sasa inakuja yenyewe.

— Nimekaa kwenye behewa maisha yangu yote, alisema. Nimeona watu wa kila sura. Abiria niliyemkumbuka haraka ni yupi? Si mwenye suti, si mwenye kelele. Ni yule niliyemtafuta nikamkosa! Najua yumo ndani ya treni, choo kimefungwa, chini ya kiti hayupo, juu ya magunia hayupo. Usiku nikilala namwona yeye. Ukipatikana ovyo, umeshakuwa wa kawaida. Adimika, mwanangu! Wakutafute!

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Hakimu kwa uzito. Maana yake wakikukosa wewe, wataona hata hiyo kazi yenyewe haipo.

— Umeona? Mpaka wahenga wanajua. Sindano, lete simu.

— Simu yangu, mzee?

— Izime, unipe. Jumatatu asubuhi nakurudishia. Wakipiga mara ya kwanza wakakukosa, taa itawawaka rohoni.

— Na wakipiga leo?

— Leo Jumamosi! Ofisi gani hapa mjini inampigia mtu Jumamosi? Labda mwenye nyumba.

Sindano aliitazama simu yake. Ungemwona usoni ungejua kwamba haamini, ila alikuwa amechoka kutoamini mwenyewe, na Mkaguzi hakuwahi kumtakia mabaya. Akaizima, akampa. Mkaguzi akaitumbukiza kwenye mfuko wa kanzu, pamoja na tasbihi, akajisikia kama mtu aliyemvusha yatima barabara.

— Bado vazi, alisema. Nenda nyumbani kwangu, mwambie Mama Mwanvita akupe koti langu la reli, lile lenye vifungo vya shaba. Ukienda kiwandani Jumatatu na koti lile, mlinzi atakupigia saluti. Nenda, na akikupa chakula usikatae, atanilaumu mimi.

Sindano akaondoka. Kama kawaida hakuna aliyeona amepita uchochoro gani.

Hakimu alikuwa hajamaliza soli ya pili bajaji moja iliposimama kwa vumbi. Akashuka mama mmoja wa makamo, gauni la kitenge, mkoba begani, simu sikioni. Aliisikiliza, akaitoa, akaitazama kwa hasira, akaja.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mkaguzi. Karibu taruma.

— Ahsante. Kumbe ndipo hapa, kijiwe cha Taruma. Naitwa Filomena. Namtafuta kijana mmoja anaitwa Castory Kobelo.

Walitazamana. Kijiwe chochote chenye adabu kikiona mkoba na jina kamili, kwanza hujifunga mkanda.

— Castory, alisema Mkaguzi, akifumba macho kama anayepekua kabati. Castory mmoja alikuwa anapanda Kimamba na magunia ya mkaa. Mwingine alikuwa wa kwaya, Kilosa, mrefu, hana jino hili. Yupo pia mwenye lori, wa Gairo, huyo anasafirisha karanga. Castory wa Mji Mpya hayupo, mama. Angekuwepo ningemjua.

— Ana hakika huyu, alisema Dele. Huyu hasahau mtu.

— Lakini alisema mwenyewe ni hapa, alisema Filomena. Nilimuuliza, tukikukosa kwenye simu tukupate wapi? Akasema, nendeni Taruma, mkaulize. Wale wote ni watu wangu, wananijua.

— Alisema hivyo? Mkaguzi akachukia. Ametumia jina la kijiwe chetu!

— Anafananaje? aliuliza Tai.

Filomena akafikiri. Akainua mkono kuonyesha urefu, akaushusha.

— Kwa kweli sura imenitoka. Nilimwona mara moja tu. Ninachokumbuka ni mtoto. Alikuja ofisini kwetu amebeba mtoto mchanga begani, kalala fofofo, na muda wote alikuwa anampigapiga mgongoni hivi.

Hapo kesi ilijifungua yenyewe. Hakimu akagonga msumari.

— Mama, unatoka ofisi gani? Ustawi wa jamii?

— Hayo nitamweleza yeye, ni mambo yake. Njia nzima napiga, simu imezimwa.

— Kaizima! alisema Tai. Wanaume wengine bwana. Mtu ana mtoto, anazima simu!

— Kijana muungwana hazimi simu, alisema Mkaguzi, na simu ilikuwa imempumzikia pajani. Hebu nikuulize, ukoo wa mama yake upi?

— Hilo hatukumuuliza.

— Umeona! Unamtafuta Kobelo, mtu wa milimani, na ukoo wa mama yake hujui? Sisi Waluguru mtu huulizwa kwa mama yake kwanza, ndipo ajulikane ni nani. Utampataje kwa Castory tu? Umedanganywa, mwanangu. Hapa vijana wetu hawana watoto wa kuficha.

Filomena akatazama saa. Alionekana kuumia kweli, kama mtu aliyebeba zawadi akakuta mlango umefungwa.

— Basi akitokea mwambieni afungue simu. Bosi wangu anaondoka na treni ya jioni. Wasipoonana kabla hajapanda, bahati yake tunampa mwingine.

— Tutamwambia, alisema Mkaguzi, kwa sauti ya mtu ambaye hatamwambia.

Bajaji ikaondoka. Taruma likajaa furaha ya ushindi.

— Umemwona alivyokuja na mkoba? alisema Dele.

— Angemkamata mtu hapa! alisema Tai.

— Bahati yake wampe mwingine, alisema Hakimu. Yaani mke, au mtoto? Siku hizi hata sijui.

Mkaguzi alikunywa kahawa yake polepole. Alijisikia vizuri. Kumbukumbu yake ilikuwa imesimama imara mbele ya mgeni, na mtaa ulikuwa umelindwa. Hapo Sindano akatokea uchochoroni, ananukia mchuzi wa Mama Mwanvita, ndani ya koti la reli lililompwaya mpaka vidole haviko. Vifungo vya shaba vilimetameta. Walimpigia makofi.

— Sasa unaonekana! alisema Tai. Ungewahi ungecheka. Katoka hapa mama mmoja anatafuta mtu aliyempelekea mtoto mchanga ofisini! Kambeba begani, kalala!

Sindano hakucheka. Mikono ilibaki ndani ya mikono ya koti.

— Mama gani?

— Sijui Filomena nani. Tumemtimua.

— Alimtafuta nani?

— Castory fulani, alisema Mkaguzi. Castory Kobelo. Nimemwambia hapa hayupo.

Kijana akasimama tu. Halafu akaketi chini, siyo kwenye taruma, chini kabisa, koti likamzunguka kama hema.

— Mzee, alisema. Castory ni mimi.

Jiko la Dele lilisikika likilia tss, kahawa imefurika, na hakuna aliyeitoa.

— Wewe Sindano, alisema Mkaguzi.

— Sindano hapa. Nyumbani naitwa Castory. Castory Kobelo.

— Na mtoto?

— Wa mwenzangu. Winfrida, tuliomba naye kazi ile ile. Kaitwa chumba cha mtihani, hana wa kumwachia, nikampokea. Mara nikaitwa na mimi kwenye usaili, na mtoto ndiyo kwanza kasinzia. Ningemweka wapi? Nikaingia naye. Ndiyo maana nilinong'ona. Nao wakaanza kunong'ona.

— Mbona hukutuambia?

— Mngeniita Yaya.

Hakimu akainamia soli yake. Ni kweli, wangemwita Yaya, wangemmiminia na kikombe, na wangelicheka jina hilo mpaka azeeke.

Mkaguzi alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, moto, mpaka masikioni. Alikuwa amewataja akina Castory watatu wa treni zilizokwisha kuoza, na Castory wake, wa kukaa naye kila Jumamosi, hakumjua. Alimuuliza yule mama wa mkoba ukoo wa mama wa kijana, akamcheka kwa kutojua. Na yeye je? Miaka yote hii, Mluguru kwa Mluguru, wametoka mlima mmoja, hakuwahi kumuuliza. Alimpachika jina haraka kabla ya kumuuliza lake. Na kijana, alipoulizwa na watu wakubwa ni nani wanaokujua, aliwataja wao.

— Simu, alisema Dele. Mzee, simu!

Mkaguzi akaingiza mkono mfukoni, ikatoka tasbihi. Akaingiza tena. Safari hii ikatoka simu, akaibonyeza huku na huku isiwake, mpaka Castory mwenyewe akaichukua taratibu akaiwasha. Walizunguka kile kioo kidogo wote wanne kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Ilipopata mtandao ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe, ikilia na kutetemeka kwenye kiganja chake. Akapiga. Akaweka sauti ya nje.

— Haloo, nani mwenzangu?

Castory akafungua mdomo. Kikatoka kinong'ono. Ndipo Mkaguzi akainama mpaka ndevu zikagusa simu, akapaza sauti ile ya zamani aliyokuwa akitangazia stesheni kabla ya vipaza sauti:

— Ni Castory Kobelo! Castory Kobelo wa Taruma! Tunamjua!

Sauti ya Filomena ikarudi upande wa pili.

— Si nyinyi mlionifukuza sasa hivi?

— Ni sisi, mwanangu. Tusamehe. Kosa ni langu. Simu yake nilikuwa nayo mimi mfukoni.

— Mama Filomena, alisema Castory, na safari hii hakunong'ona. Shikamoo. Nipo.

— Marahaba. We mtoto umenizungusha! Niambie kwanza, yule mtoto aliamka?

— Hapana. Alilala mpaka mama yake akatoka.

Wakamsikia akicheka, kicheko cha mtu aliyepoa.

— Bosi ananiuliza hilo tangu Alhamisi. Wengine wote amewachanganya, hajui nani alisema nini. Wewe tu anakutaja: yule aliyetufanya tunong'one. Yuko stesheni ya SGR, ile treni ya umeme, Kihonda. Kazi ni yako, anataka tu kukushika mkono kabla hajapanda. Fanya haraka.

Tai alikuwa ameshakimbia barabarani kusimamisha bodaboda, tai imeruka begani. Castory akainuka, akajitazama, vifungo vya shaba, mikono inayoning'inia.

— Mzee, niende na koti?

Mkaguzi alimsaidia kulivua, mkono mmoja, kisha wa pili.

— Liache. Wanakukumbuka bila koti.

Bodaboda ikaondoka. Kwa mara ya kwanza wote waliona kijana amepita njia gani. Walimfuata kwa macho mpaka kona ya msikiti, na hata alipopotea waliendelea kutazama.

Kijiwe kikawa kizito. Hakimu hakugonga msumari. Mkaguzi alikaa na koti mapajani, akachezea kifungo, kisha akamgeukia mwenzake ambaye alikuwa amekaa naye tangu taruma bado lina lami.

— Hakimu. Hivi wewe unaitwa nani?

Hakimu alikohoa, kama mtu aliyeshtukizwa akioga.

— Eustace.

— Tai?

— Rogers, mzee.

— Dele?

— Abdulatif.

Waliyatamka majina hayo kimoyomoyo, wakiyapima kama viatu vipya. Halafu Hakimu akauliza, taratibu, bila nyundo:

— Na wewe Mkaguzi?

Mzee akafungua mdomo, na jina halikuja mara moja. Anayemwita kwa jina hilo siku hizi ni Mama Mwanvita peke yake, na mara nyingi ni akiwa amekasirika. Wenzake walimngojea. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumsaidia.

— Yunusi, alisema mwisho. Mama yangu alikuwa Bi Sabra, wa Matombo.

Dele akalitoa birika jikoni, akalitikisa. Kahawa ilikuwa imekaribia kwisha. Iliyobaki ilitosha kikombe kimoja, na machicha yake. Aliimimina yote, hakubakiza tone, akampa mzee kwa mikono miwili.

Mkaguzi akaanza kupapasa mfuko wa kanzu atafute hela.

— Acha, Mzee Yunusi, alisema Abdulatif. Kikombe cha jina hakilipiwi.